Kikao cha familia kisianze kabla bwana hajapimwa

Hapa kwetu Goma mwanamke aliyeolewa hubadilishwa jina bila kufika kwenye ofisi ya komine. Akizaa Furaha anakuwa Mama Furaha, akizaa Baraka anakuwa Mama Baraka, na jina lake mwenyewe linabaki kwenye karatasi tu. Kwa Wanande hesabu imeingia hata ndani ya majina ya watoto: Mumbere au Paluku ni mvulana wa kwanza, anafuata Kambale, kisha Kasereka, kisha Kakule, kila mmoja na nafasi yake. Ni mila nzuri. Mtoto anajua ametoka wapi na amefuata nani.

Lakini yule ambaye mtoto hajamjia, yeye anaitwa nani? Mwaka wa kwanza wanamwita bibi mupya. Mwaka wa tatu anakuwa bibi ya fulani. Mwaka wa tano, akipita na ndoo yake ya maji, kuna mdomo utakaosema: "Ule anajaza choo bure." Na bwana wake, akikaa na wenzake kwenye kasiksi, wanamuuliza kwa mzaha wenye sumu: "Munakaa banaume babili mu nyumba?" Tulisikilize vizuri swali hilo. Ndani yake hukumu imekwisha kukatwa. Mwanaume mmoja ni mzima, na yule "mwanaume wa pili", yaani mke, ndiye mwenye kasoro. Hakuna aliyepima. Hakuna aliyeuliza. Kesi imekwisha.

Sisi wa chama hiki tunapenda mila zetu, na ndiyo sababu tunaziandika. Lakini kupenda mila si kufunika vidonda vyake. Kwa hiyo tunasema jambo moja, na tunalisema wazi: kikao cha familia juu ya mimba isiyokuja kisianze kabla bwana hajapimwa. Si baada ya bibi kuzungushwa miaka sita. Bwana apimwe mwanzoni, pamoja na bibi yake, na kama kuna wa kutangulia, atangulie yeye. Tutaeleza kwa nini.

Kikao tunachokijua

Kila mtu anayekaa Majengo, Katindo, Ndosho au Keshero anajua namna mambo yanavyokwenda. Mahari yametolewa: ng'ombe, mbuzi, au dola mahali pake. Miezi sita inapita, mama mkwe anaanza kuangalia tumbo la mkamwana kuliko uso wake. Mwaka unapita, shangazi anatumwa kuuliza. Mwaka wa pili wakubwa wanakutana siku ya Mungu baada ya ibada, viti vya plastiki vinapangwa kwenye uwanja, na mkamwana anaambiwa akae kwenye mkeka. Wanauliza: alikuwa na bwana mwingine kabla? Alitoa mimba akiwa msichana? Kwao kuna laana? Kuna shangazi yake ambaye naye hakuzaa? Maswali yote yanaelekea upande mmoja, kama maji ya mvua yanavyoteremka kuelekea ziwani.

Halafu inakuja safari ya dawa. Miti ya kunywa asubuhi, miti ya kuweka chini, miti ya "kusafisha tumbo". Kisha chumba cha maombi, kufunga siku tatu, siku saba, na sadaka juu ya sadaka. Kisha mganga wa mbali ambaye lazima kupanda moto, halafu gari, halafu kutembea kwa mguu. Mwisho bwana anaambiwa: "Tafuta mwengine, usikose mutu wa kukuzika." Na mwanamke anarudishwa kwao, wakati mwingine familia inadai hata ng'ombe warudi.

Katika safari hii yote mwanaume amefanya nini? Amesindikiza, kama ana moyo. Amelipa, kama ana kitu. Kupimwa, hapana.

Wazee walijua

Watu watatuambia: mkisema mwanaume anaweza kukosa uzazi mnaleta mambo ya wazungu. Jibu letu ni kwamba wazee wetu walijua jambo hili kabla mzungu hajafika. Walilijua vizuri sana. Walichofanya ni kulipangia namna ya kulificha.

Angalia mahari. Katika mila nyingi za maziwa makubwa, baba wa mtoto ni yule aliyetoa ng'ombe. Damu haikuulizwa sana. Mume alipokuwa hana uwezo wa kuzalisha, wakubwa wa ukoo waliweza kunong'onezana, na ndugu wa mume akaingia usiku kwa siri ya nyumba. Mtoto alizaliwa, akapewa jina la ukoo, na mume akaitwa baba mbele ya wote. Kama watu hawa hawakujua kwamba mwanaume anaweza kuwa tasa, kwa nini walimwita ndugu yake?

Angalia pia Wanyanga wa upande wa Walikale. Kwao kulikuwa na mumbo, mwanamke aliyeozwa kwa roho. Hakuolewa kama wengine, na watoto aliozaa walihesabiwa katika ukoo wa baba yake mwenyewe. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Wanyanga miaka ya 1950, aliandika habari hizo. Mila hiyo inatufundisha kwamba wahenga wetu walitofautisha mambo matatu ambayo leo tunayachanganya: nani ameolewa, nani ametia mimba, na mtoto ni wa nani. Walikuwa na akili pana kuliko vikao vyetu vya leo.

Tofauti ni hii. Zamani siri ya mwanaume ilifichwa, lakini nyumba iliokolewa: mke alibaki, mtoto alipatikana, mume alilinda heshima yake. Leo tumeiacha ile njia, na tumefanya vema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwanamke kama anakubali, na katika siku hizi za sida hakuna mwenye akili angeirudisha. Lakini siri yenyewe tumeibakiza. Tunaendelea kumficha mwanaume, na safari hii anayelipa deni ni mke peke yake. Hiyo si mila kamili. Ni nusu ya mila, na ni ile nusu mbaya.

Mimba inaingia namna gani

Tuuangalie mwili wenyewe, kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia hapo. Mambo haya yanafundishwa sekondari, wanafunzi wanayachora kwenye kaye kwa kalamu za rangi, wanapita mtihani wa serikali, halafu siku ya ndoa hakuna anayeyakumbuka.

Katika kila mzunguko mwili wa mwanamke hukomaza yai, kwa kawaida moja tu. Yai likitoka kwenye ovari linaingia katika mrija wa uzazi, na linaishi kati ya saa 12 na saa 24. Mbegu za mwanaume zenyewe zinaweza kungoja ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku 5. Kwa hiyo siku zenye nafasi ya mimba ni kama 6 tu katika mzunguko mzima: siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku lenyewe linapotoka. Nje ya hizo, mnaweza kupendana kadiri mnavyotaka, mimba haiko.

Siku hizo zinahesabiwa namna gani? Hapa wengi wanapotea. Wanasema "siku ya 14" kama vile ni sheria ya wote. Yai hutoka karibu siku 14 kabla ya mwezi unaofuata. Mwanamke anayeona mwezi kila siku 28, yai lake hutoka karibu siku ya 14, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Mwenye siku 25, ni karibu siku ya 11: nafasi yake ni toka siku ya 6 mpaka ya 11. Mwenye siku 32, ni karibu siku ya 18: nafasi yake ni toka ya 13 mpaka ya 18. Wanawake hawa watatu wote ni wazima. Lakini mkiwapa hesabu moja, mmoja wao atakosa siku zake mwezi baada ya mwezi, na kikao kitamngoja.

Mwili nao hutoa alama. Siku hizo zikikaribia, ute wa ukeni unakuwa mwepesi, wenye kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Mwanamke ambaye mzunguko wake unabadilika asijitese kwa hesabu. Wakutane kila siku 2 au 3 tangu damu inapokauka, na siku nzuri haitawapita.

Sasa fikirini juu ya ndoa nyingi za hapa mjini. Bwana anachimba Rubaya au Bisie. Mwingine ni dereva. Mwingine anafuata bidhaa Kampala, mwingine Dubai. Anaingia nyumbani siku tatu, anaondoka. Ikiwa siku hizo tatu hazikuangukia zile sita, mwezi huo haukuwa na jaribio lolote. Ndoa ya miaka miwili inaweza kuwa na miezi minne tu ya kujaribu kweli. Na tusisahau wale waliolala chini ya mahema Kanyaruchinya na Bulengo mwaka 2023 na 2024, baba, mama, watoto wa ndugu na bibi mzee katika hema moja. Nao waliulizwa: "Mimba iko wapi?"

Na hata wanaokutana siku zote nzuri hawapati mimba mara moja. Kwa vijana wazima, nafasi ya kila mwezi ni kama moja kwa nne au moja kwa tano. Kwa mwaka mzima, zaidi ya 8 kati ya kila wenzi 10 watapata mimba. Ndiyo maana waganga wa hopitali hungoja miezi 12 kabla ya kusema kuna tatizo. Na miezi 6 kama mke amepita miaka 35, kwa sababu uwezo wake unapungua zaidi kuanzia hapo. Shangazi anayetumwa mwezi wa sita kwa bibi wa miaka 22 ametumwa bure.

Ugonjwa umefanywa laana

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupatwa na tatizo la kukosa mimba katika maisha yake. Kwa hiyo si jambo la ukoo fulani wala la kijiji fulani. Na mwanaume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mke, katika kati ya theluthi na nusu ya ndoa hizo.

Nchi yetu yenyewe ilishatoa somo kubwa, lakini limesahauliwa. Wakati wa Wabelgiji, uchunguzi wa watu uliofanywa miaka ya 1955 mpaka 1957 ulionyesha jambo la ajabu. Huku Kivu watu walizaa sana. Kule Equateur na Uele kulikuwa na sehemu ambapo zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano alimaliza umri wa kuzaa bila mtoto hata mmoja. Anatole Romaniuk alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya uzazi wa Wakongo. Vijiji vizima vililaaniwa? Hapana. Magonjwa ya zinaa, kisonono zaidi, yalikuwa yameziba mirija ya wanawake na njia za mbegu za wanaume. Penisilini ilipoenea, uzazi ukapanda. Laana gani hiyo inayofukuzwa na sindano?

Kisonono na klamidia bado ziko. Klamidia ni mbaya zaidi kwa sababu mara nyingi haiumi: mtu anaibeba miaka, na huku mirija inajifunga. Na tujiulize kwa uaminifu, mke wa nyumbani aliyeolewa bikira ameipata wapi? Mara nyingi imeingia kwa mlango, imevaa koti, imetoka safari. Kisha mwenye koti anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuuliza kama bibi yake alitoa mimba akiwa msichana.

Mirija inazibwa pia na uzazi uliofanyika vibaya, na mimba iliyoharibika ikaacha uchafu ndani, na mikono isiyonawa. Ndiyo sababu wanawake wengi waliozaa mtoto wa kwanza hawapati wa pili. Na hapa kwetu kuna sababu nyingine ambayo aibu inatuzuia kuitaja. Miaka ya vita, wanawake wengi wa Masisi, Rutshuru, Walikale na Goma yenyewe walibakwa. Maambukizo ya siku hiyo yanaweza kuziba mirija. Mwanamke aliyeharibiwa na wenye silaha, kisha akafukuzwa na wakwe kwa sababu hazai, ameadhibiwa mara mbili kwa kosa la watu wengine. Ikiwa mila inakubali hilo, mila hiyo itetewe na nani?

Mwanaume naye ana sababu zake. Matumbwitumbwi yaliyomshika akiwa amekwisha balehe yanaweza kuharibu korodani. Mishipa ya korodani inaweza kuvimba na kupandisha joto mahali pasipotaka joto. Korodani inaweza kuwa haikushuka tangu utotoni. Pombe nyingi na sigara hupunguza mbegu. Na jambo hili wababa walisikie vizuri: nguvu za kitandani si uzazi. Mwanaume anaweza kuwa simba usiku, na maji yake yasiwe na mbegu hata moja. Wala mtoto uliyezaa miaka kumi iliyopita si cheti cha leo.

Kwa nini bwana atangulie

Tunasema bwana atangulie kwa sababu ya hesabu, si kwa kisasi. Kumpima mwanamke kikamilifu ni safari ndefu: damu ya homoni kwa siku zake maalumu, ekografi, halafu picha ya mirija kwa dawa inayosukumwa ndani, ambayo inauma na inalipiwa sana. Kumpima mwanaume ni kikombe kisafi na darubini. Ndiyo, darubini, ndugu yake ile inayotafuta malaria na minyoo katika kila labo ya kartie. Antoni van Leeuwenhoek aliziona mbegu za mwanaume kwa darubini yake mwaka 1677. Imepita zaidi ya miaka 340, na bado kuna wababa wa Goma wasiotaka kufanya kilichofanyika wakati huo.

Kipimo hicho, ambacho waganga wanakiita spermogramu, kina masharti machache. Mwanaume akae bila kukutana na mke siku 2 mpaka 7. Maji yote yaingie kwenye kikombe, yasipotee, na yafike labo kabla ya saa moja, bila kupoa. Labo inahesabu mbegu, inaangalia kama zinatembea na kama umbo lake ni zuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mbegu milioni 16 kwa mililita moja kama mpaka wa chini wa kulinganishia. Aliye chini yake bado anaweza kuzaa, ila nafasi inapungua. Kipimo kikiwa kibaya, mtu asikate tamaa wala asijinyonge. Mbegu hutengenezwa kwa muda wa karibu miezi miwili na nusu, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuharibu matokeo ya leo. Kinarudiwa baada ya kama miezi mitatu. Maambukizo yanatibiwa, mishipa inapasuliwa, pombe inaachwa.

Na hata kwa mwenye mbegu chache sana, elimu imetafuta njia. Mwaka 1992, Brussels, mji ule ule ambao zamani ulitutawala, waganga walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai kwa sindano ndogo kuliko unywele. Njia hiyo ni ya gharama kubwa na iko mbali na mifuko yetu. Tunaitaja kwa sababu moja: huko walikubali kwamba mwanaume anaweza kuwa mgonjwa, ndipo wakatafuta dawa yake. Ugonjwa unaofichwa haupati dawa.

Sasa pimeni gharama ya kuficha. Mji huu ulichomwa na lava Januari 2002, ukakimbiwa tena Mei 2021, ukaona vita Januari 2025. Pesa ya nyumba haiokotwi. Mke anauza vitenge vyake kulipa miti ya mganga. Miti inayowekwa chini inamchoma, inaleta maambukizo mapya, na mirija iliyokuwa mizima inaziba. Alianza akiwa na miaka 24, anakuja kupimwa akiwa na 37. Halafu ndipo bwana, kwa kubembelezwa, anakubali kikombe, na karatasi inasema kwamba mbegu haziko. Miaka kumi na mitatu imeliwa. Nani atairudisha? Na yule bibi wa pili aliyeletwa katikati, naye amekaa miaka minne akiitwa majina yale yale. Bibi wawili tasa chini ya bwana mmoja, na hakuna hata mmoja kwenye kikao aliyejua kuhesabu!

Watakaotupinga

Wengine watasema: mwanaume akipimwa, heshima yake itaanguka. Sisi tunauliza, heshima hiyo inasimama juu ya nini? Kama inasimama juu ya machozi ya mke, ilikwisha anguka zamani. Karatasi ya labo ni ya watu wawili na mganga wao. Haisomwi kwenye kikao. Heshima ya bwana inalindwa vizuri zaidi na siri ya hopitali kuliko na mdomo wa jirani.

Wengine watatushika kwa Biblia: Sara, Raheli, Hana, Elizabeti, wote wanawake. Ni kweli. Lakini wasome pia Kumbukumbu la Torati 7:14, wataona utasa umetajwa kwa mume na kwa mke. Na wamwangalie Elkana, bwana wa Hana. Mke wake alipolia kwa kukosa mtoto hakuitisha ukoo. Alimfariji na kumpa sehemu yake ya chakula kwa upendo. Hatuwazuii watu kuomba. Tunasema mchungaji mwenye hekima anaweza kuomba huku akiuliza: "Baba, karatasi yako ya labo iko wapi?" Maombi hayaogopi darubini.

Wengine watasema: tulitoa ng'ombe, tunataka watoto. Hao tunawakumbusha kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema ndoa iliyoandikwa inavunjwa na tribinali, si na wajomba. Kuoa bibi wa pili juu ya ndoa iliyoandikwa ni kosa. Kumpakiza mwanamke na sanduku lake kwenye moto siku ya Mungu jioni hakuitwi talaka. Kunaitwa kufukuza.

Mila ambayo tunataka

Hatumalizi kwa kuivunja mila. Tunaiomba mila ikumbuke uzuri wake. Katika lugha zetu zote za hapa, ndugu mkubwa wa baba ni baba mkubwa, mdogo wake ni baba mdogo. Dada za mama ni mama wakubwa na mama wadogo. Mtoto wa kaka ni mtoto wako. Watoto walilelewa kwa bibi na babu, kwa shangazi, kwa nyumba iliyokuwa na nafasi, na hakuna aliyewahesabu kama wageni. Mtu mwenye ndugu hakuwa mtu bila mtoto. Leo tumeyaacha maneno mdomoni, tukayatoa moyoni. Tunamwita mama mudogo, kisha tunasema hana mtoto.

Wapo ambao watapimwa wote wawili, watatibiwa, na mimba haitakuja. Hilo nalo ni la kweli, na kudanganyana hakusaidii. Hao wana haki ya kulea, ya kuchukua mtoto kwa sheria, au kukaa wawili wakizeeka kwa amani. Mahari waliyotoa hayakuwa bei ya tumbo.

Basi tunawaomba wenye vikao. Wasimamizi wa ndoa wawafundishe vijana siku za mimba kabla ya harusi, kwa hesabu tuliyoionyesha, na wamwambie bibi harusi juu ya vidonge vya asidi foliki, mikrogramu 400 kila siku, vinavyomkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo tangu kabla mimba haijaingia. Mama wakwe wangoje mwaka mmoja, na wasiseme "hazai", waseme "hawajapata". Wakubwa wa ukoo, kabla ya kupanga viti, waulize kwanza kama wote wawili wamekwisha fika hopitali. Wakijibiwa kwamba bibi ndiye aliyepimwa peke yake, viti virudishwe ndani, watu waende kwao, na bwana aambiwe njia ya labo.

Na wababa wenzetu, tunajua inaogopesha. Kikombe ni chepesi mkononi na kizito moyoni. Lakini yule aliyeacha kwao akakufuata amebeba mizigo mizito zaidi kwa ajili yako, na hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Kesho asubuhi labo zitafunguliwa.